Kodi Inaenda kwa Nani?

Nilimpigia Ticha kelele mbele ya wazazi wote wa gredi ya nne. Jambo hilo nalisema mwenyewe mapema kwa sababu mtaani linasimuliwa vibaya. Wanasema nilimtukana mama wa watu. Sikumtukana. Nilisimama nikamwambia, "Ticha, meza hizo njugu useme kitu!" Sauti ilikuwa ile ninayotumia kumwita mtoto aliye orofa ya juu nikiwa chini na ndoo. Basi. Kama hilo ni tusi, wacha liwe.

Ilikuwa siku ya wazazi shuleni. Mgeni wa heshima alikuwa kijana tuliyemlea sote hapa Kayole, Brayo, ambaye siku hizi anavaa koti na anaitwa Bwana Brian. Alikuja na maboksi ya mchezo wake mpya, mchezo wa kununua ploti na kulipana kodi, unaoitwa Tajiri wa Mtaa. Shule ilikuwa imeamua watoto watautumia kujifunza mambo ya biashara. Brayo akasimama mbele akatoa historia: kwamba siku moja alikaa akawafikiria vijana wa Eastlands, wazo likamjia kichwani zima zima, akachora. Wazazi wakapiga makofi. Mimi nikaitazama ile bodi aliyoiinua juu. Pumwani ilikuwa pale pale kwenye kona. Muthurwa pale pale. Kayole ya mwisho kabla ya kurudi mwanzo, pale pale. Ilikuwa bodi ya Ticha, ila imeoga.

Binti yangu Neema akainua mkono.

"Huo mchezo ni wa Ticha wa ploti yetu," akasema. "Na hujasema kodi inaenda kwa nani. Inaweza kuenda kwa kiondo."

Watoto wakacheka. Mwalimu wa darasa akamwambia asimwaibishe mgeni kwa uongo, asimame aombe msamaha. Neema hakuniangalia mimi. Aligeuka akamtazama Ticha, aliyekuwa ameketi nyuma kwenye kiti cha plastiki, maana hakosi mkutano wowote wa shule ile. Alifundisha pale hadi akastaafu. Ticha alikuwa anamenya njugu. Akamenya nyingine. Mtoto wangu akasema, "Pole, nilidanganya," na hapo ndipo nikasimama.

Sasa, ili mjue hasira hiyo ilitoka mbali, lazima niwaeleze Ticha ni nani.

Ni jirani yangu wa chumba cha chini, kile cha kando ya geti. Pia alinifundisha Kiswahili nikiwa na umri wa Neema. Kwa hiyo nimemjua kuliko ninavyomjua mtu yeyote asiye wa damu yangu, na sidhani kuna wiki imepita hajaniudhi. Watoto wanamwita Ticha. Wazazi wao wanamwita Ticha. Landilodi mwenyewe, akishuka kwenye gari lake, anamwita Ticha na kuvua miwani. Jina lake liko kwa kitambulisho, na mimi sijawahi kukiona.

Kumsalimia ni mtihani. Vijana wakipita wanamrushia ile yao:

"Niaje, Ticha?"

"Niaje ni kelele. Salamu iko wapi?"

"Shikamoo, Ticha."

"Marahaba. Sasa pita."

Nimeona wanaume wazima, watu wa mjengo na mabega kama milango, wakirudi nyuma hatua mbili ili waanze upya. Lakini siku moja kijana wa bodaboda alipita kwenye dimbwi akamrushia maji ya tope kutoka sketi hadi kitambaa cha kichwa, na mwanamke huyo huyo anayechukia niaje akatoka mbio hadi katikati ya njia: "Oya! We msee wa nduthi! Unaniona kama mtaro? Rudi hapa nikushow!" Akarudi akaketi, akajipangusa, akaniambia, "Kila kufuli na ufunguo wake."

Sarufi ndiyo dini yake ya pili. Kwenye ukuta wa nyuma wa ploti mtu aliandika kwa makaa, USIKOJOE HAPA WEWE MBWA HII. Ticha alisimama pale, akatikisa kichwa, akaomba kipande cha makaa kwa mama anayechoma mahindi, akafuta HII akaandika HUYU. Ukuta ukaendelea kukojolewa, lakini kwa sarufi sahihi.

Na ni mchoyo. Lazima niseme, kwa sababu kuna watu wakisikia habari za kiondo chake watafikiri ni malaika. Ukimwomba chumvi anakuuliza yako imeenda wapi. Kibanio chake cha nguo kikionekana kwenye kamba yako, utakirudisha huku watu wakiangalia. Yeye akichukua chako, hiyo ni hadithi nyingine. Mstari wa Majengo kwenye ile bodi ni rangi yangu ya kucha, nyekundu, chupa mpya. Mimi ni msusi, kucha pia napaka, nina kibanda changu Spine Road, na wateja wangu wawili siku hiyo walienda nyumbani na kucha za mkono mmoja. Chupa sijarudishiwa mpaka leo.

Bodi yenyewe ni mgongo wa kabati kuukuu. Aliung'oa, akauchorea mitaa kuzunguka kingo zote, akatumia vifuniko vya soda kuwa nyumba. Dadu aliikata kutoka kwa ndara, akaitoboa macho kwa msumari wa moto, kwa hiyo ikirushwa haitoi sauti. Unasikia tu watoto wakipiga kelele ghafla. Pesa ni vipande vya daftari vyenye tiki yake nyekundu. Na katikati ya bodi kuna kiondo kidogo, kile ambacho msichana husuka wakati anajifunza, mdomo umepinda.

Bodi hiyo aliiweka juu ya kreti ya mkate, chini kabisa ya ngazi, mahali ambapo kila mtu aliye na mtungi wa maji ni lazima aruke. Miaka yote hiyo nimeruka. Nimeruka nikiwa na mimba ya Neema. Nilimwambia, "Ticha, sogeza huu mchezo." Akaniambia, "Wewe una miguu, mchezo hauna."

Watoto waliuita Ploti tu. Na sasa nifike kwenye kitu chenyewe, kile kilichokuwa kinanichemsha damu kila Jumapili.

Kila mtaa kwenye ile bodi umeandikwa maneno mawili: LIPA KODI. Hakuna zaidi. Mnaojua Kiswahili mmeshaona shida. Pesa ninayompa landilodi kila mwezi inaitwa kodi. Pesa ambayo serikali inanikata inaitwa kodi. Neno ni moja. Sasa mtoto akiangukia Umoja, na Umoja imenunuliwa na mwenzake, analipa nani? Anampa mwenzake, au anatia kwenye kiondo?

Kanuni ya Ticha ilikuwa kwamba kabla ya dadu kurushwa, wachezaji wote waweke mikono juu ya bodi na wakubaliane. Wakisema landilodi, kodi inaenda kwa mwenye ploti, na mchezo unaisha mmoja akishameza wote. Wakisema kiondo, kodi inaingia kiondoni, na kikijaa wanajenga: kifuniko kimoja Muthurwa ni mfereji wa maji, kingine Pumwani ni zahanati, na ukiangukia hapo baadaye hulipi kitu. Mchezo huo unaisha yule aliye nyuma kabisa akishasimama kwa miguu yake.

Lakini Ticha hakuwakumbusha kuweka mikono. Hata siku moja. Na watoto ni watoto, wanaiona dadu wanasahau. Kwa hiyo anaketi pale na njugu zake, anawaangalia wakinunua, wakijenga, na anangoja mtu aangukie mahali.

"Ticha, mwambie anilipe!"

"Kwa nini akulipe?"

"Ni kwangu! Nilinunua!"

"Ulinunua ploti. Ulinunua na neno?"

"Imeandikwa lipa kodi!"

"Imeandikwa lipa nani?"

Hapo vita vinaanza. Niko juu nakaanga vitunguu, nasikia watoto kumi wakibishana kuhusu neno moja kama mawakili, na mmoja wao ni wangu, na sauti yake inashinda zote. Nilishuka siku moja na mwiko mkononi. Nikamwambia, "Ticha, si uandike tu? Andika 'lipa mwenye ploti' ama andika 'lipa kiondo', watoto wanyamaze."

"Nikiandika wataacha kuuliza."

"Mimi nataka waache kuuliza! Ni Jumapili!"

Akanitazama kama anavyotazama kosa la ngeli. "Vitunguu vyako vinaungua," akasema. Na vilikuwa vinaungua.

Msifikiri watoto walipenda kiondo. Waliweka mikono wakasema landilodi, karibu kila mara, kwa sababu landilodi ana mshindi. Kiondo "kinaboesha", ndivyo Neema alivyoniambia. Na Ticha mwenyewe, akikubali kucheza kwa sheria ya landilodi, alikuwa hana huruma hata ya paka. Nilimwona kwa macho yangu akimfilisi mtoto aliyevaa plasta mkononi, na akamwambia afanye haraka kuhesabu kwa huo mkono mzima. Mtoto akalia. Nikasema, "Ticha, ni mgonjwa." Akasema, "Mkono ni mgonjwa. Kodi haina habari."

Ila kulikuwa na desturi moja mwishoni, na hii nataka mwikumbuke. Aliyeshinda hufagia. Umenunua kila kitu, umewameza wenzako, mitaa yote ni yako? Vizuri. Chukua ufagio ufagie kibaraza, korido na mbele ya geti. "Ni kwako kote," alikuwa akisema. "Mwenye nyumba ndiye mwenye takataka." Wakicheza kiondo wanafagia wote, na inaisha upesi. Neema alishinda mara nyingi kwa landilodi, akafagia mara nyingi, na baadaye nikaanza kumsikia akiwa wa kwanza kuweka mkono juu ya bodi: "Kiondo." Nilidhani ni uvivu wa kufagia. Pengine ulikuwa. Lakini kuna Jumapili rafiki yake wa chumba jirani alikuwa amefilisiwa mpaka kifuniko cha mwisho, na nikamsikia binti yangu akisema, "Turudie, tuanze na kiondo, huyu asiende nyumbani hivi." Nikazima jiko nikasikiliza vizuri.

Historia ya mchezo huo Ticha alinipa vipande vipande, kama mtu anayekulisha supu kwa uma. Nilikuwa namsuka mistari mlangoni pake, na mtu anayesukwa hawezi kukimbia, kwa hiyo nikambana.

"Uliutoa wapi huu mchezo?"

"Kwa karani wa reli."

"Karani gani?"

"Vuta polepole, hicho ni kichwa."

Ikawa kwamba zamani, akiwa mwalimu kijana, alikaa karibu na Muthurwa, na jirani yake alikuwa karani wa reli. Karani huyo alikuwa ameuona mchezo wa aina hiyo nyumbani kwa mkubwa wake Mzungu, wenye mitaa ya London. Hakuwa na namna ya kuupata, akauchora kwa kichwa nyuma ya kalenda. Mahali pa mitaa ya London akaweka stesheni: Voi, Makindu, Nakuru. Ticha akainakili bodi hiyo, akaondoa stesheni. "Nani analipa kodi stesheni?" alisema. Akaweka mitaa yetu.

Nilifikiri imeisha. Nikawa nimefika nyuma ya sikio aliposema, "Lakini hata hiyo ya London haikuwa ya London."

Alikuwa amenunua kitabu cha Kiingereza kwa wale wanaotandaza vitabu kando ya njia mjini. Humo akasoma kwamba zaidi ya miaka mia iliyopita mwanamke mmoja huko Amerika alichora bodi ili kuwaonyesha watu jinsi mwenye ardhi anavyonenepa huku wapangaji wakikonda. Aliupa mchezo wake sheria mbili: moja ya mmoja kuwameza wote, nyingine ya kodi kuwafaa wote. Wachezeshe zote mbili, halafu waulize ipi wameipenda. Watu wakaupenda mchezo, wakawa wanajichorea majumbani mwao, kila mji na mitaa yake.

"Kama karani wangu," alisema Ticha, na sauti yake ilikuwa na furaha, kitu ambacho huwa hakina nafasi pale. "Walikuwa wanachora tu. Mtu anaona kwa jirani, anaenda kwake anachora."

"Halafu?"

"Halafu mwanamume mmoja akaujifunza sebuleni kwa watu, akaupeleka kwa kampuni, akasema ameutoa kichwani. Akatajirika. Yule mama akapewa kitu kidogo, akasahaulika."

"Na ile sheria ya pili?"

"Ilibaki nje ya boksi." Akatema ganda la njugu. "Bodi ya karani ilikuwa na sheria moja tu. Angetoa wapi ya pili? Mimi nilipoisoma ndipo nikaweka kiondo. Sikubuni kitu, nilirudisha. Tena kuna jambo lilinichekesha. Yule mama alihitaji sheria mbili. Sisi tuna neno moja, na zote mbili ziko ndani."

Nikamwambia hiyo ni hadithi nzuri ya kuwaambia watoto. Akasema watoto wakitaka wataiuliza. Ndivyo alivyo. Ana ukweli mzima mfukoni na anangoja uombwe kama chumvi.

Brayo naye. Alikuwa mmoja wa wale watoto wa ngazini, nyakati ambazo mimi nilikuwa msichana wa sekondari narudi na sare yangu. Alikuwa anashinda. Alishinda mpaka wenzake wakaacha kulia, wakazoea. Siku ya kwanza aliposhinda, Ticha akamnyooshea ufagio. Brayo akauangalia. "Mshindi hafagii, Ticha," akasema. "Mshindi anaajiri." Akaenda kwao. Mimi ningemfuata na huo ufagio. Ticha alicheka hadi akakohoa, na kwa miaka mingi alikuwa akilirudia neno hilo akipika chai: "Mshindi anaajiri! Huyo ana akili mbaya sana." Alimpenda kuliko sisi wengine wote tuliofagia.

Turudi shuleni. Baada ya kelele zangu mwalimu mkuu aliniomba nikae, nikatoka. Brayo akanifuata hadi getini.

"Mama Neema, tulia basi. Unanichomea picha mbele ya watu."

"Na wewe umemchomea nini mtoto wangu? Huo mchezo umeutoa wapi?"

"Nilimwomba Ticha. Muulize. Aliniambia chukua."

"Na historia uliyosimulia? Wazo likakujia zima zima?"

"Hiyo ni ya kuuza. Nani atanunua mchezo uliochorwa kwa rangi ya kucha?"

"Rangi ya kucha ni yangu!"

Akacheka, akidhani natania. Nikamuuliza kiondo kiko wapi. Akasema alijaribu, watoto wakaona kinaboesha, na shule zinataka mchezo wenye mshindi. Kwenye karatasi ya maelezo ndani ya boksi alikuwa ameandika, *Kodi: malipo anayopewa mwenye ploti.* Basi. Neno limefungwa mlango.

Ticha nikamnyima maneno. Nilipopita kwake nilimwaga shikamoo kama maji ya vyombo, naye akaitikia marahaba kama mtu anayetia sahihi. Hakueleza na mimi sikuuliza. Lakini kilichoniumiza hakikuwa yeye. Neema aliacha kushuka chini. Watoto walimwita ngazini, akasema ana kazi ya shule. Darasani walikuwa wamempa jina, Kiondo, na si kwa mapenzi. Halafu mwalimu akatoa zoezi la nyumbani kutoka kwa ile karatasi ya boksi, na swali mojawapo lilikuwa, Kodi ni nini? Nikakuta ameacha nafasi wazi. Mtoto aliyekuwa anabishana mpaka vitunguu vyangu vinaungua, ameacha wazi.

"Mbona hujajibu hili?"

"Nikijibu wataniita mwongo tena."

Siku hiyo nikaanza kuandika malalamiko.

Ticha hapandi ngazi. Magoti yake yalikataa zamani. Mwenye shida na Ticha anashuka. Kwa hiyo Jumamosi mchana niliposikia hodi na pumzi nzito nyuma yake, sikumtarajia yeye. Alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa na kalamu nyekundu.

"Nimesikia unaandika," akasema.

"Nani amekwambia?"

"Huwa unasema maneno kwa sauti ukiandika. Tangu ukiwa mdogo. Ngazi yote inakusikia." Akaingia bila kukaribishwa, akaketi kwenye kitanda. "Lete."

Nikampa, kwa sababu mkono wangu bado unamwogopa. Akasoma polepole. Akapiga mstari.

"'Mchezo imeibiwa.' Mchezo umeibiwa."

"Sawa. Umeibiwa."

"Haujaibiwa."

Hapo nikachemka. "Ticha! Mtoto wangu ameitwa mwongo mbele ya watu, na wewe ulikuwa unamenya njugu!"

"Alisema mchezo ni wangu. Si wangu."

"Ana miaka tisa!"

"Ningesimama niseme ni wangu, tungekuwa waongo wawili. Ningesema si wangu, ningemwacha peke yake."

"Kwa hiyo ukamwacha peke yake ukiwa umeketi. Ungesema ukweli wote."

"Wote? Karani, na kalenda, na yule mama wa Amerika? Kwa watu wanaongoja soda?"

"Ndiyo! Na wangengoja!"

Neema alikuwa ameketi kwenye kona, akijifanya anasoma. Ticha akamgeukia, akatumia ile sauti yake ya ngazini.

"Neema. Kodi inaenda kwa nani?"

"Sijui."

"Hujui?"

Neema akainama. "Kwa mwenye ploti," akasema taratibu, kama mtu anayesoma kwenye karatasi.

Nimemwona Ticha akifiwa, nimemwona akifukuzana na bodaboda, lakini sura ile sikuwahi kuiona. Akashusha kalamu akasema, si kwangu, si kwa mtu, "Hapo. Hapo ndipo wameiba." Halafu akaniambia, "Nilimwambia Brayo achukue. Sikumwambia akate. Ningesimama siku ile, hata kama wangelala wote. Andika upya. Na mimi nitatia sahihi."

Tukaandika upya, yeye akikagua ngeli, mimi nikikataa kulainisha. Aliomba karatasi nyingine akaandika sheria ya pili kwa mkono wake, maandishi yale yale ya ubaoni, akatia sahihi chini yake. Tuligombana kwenye aya ya mwisho. Alishuka ngazi akiwa amemshika Neema begani, akilaumu kila kidato, na nikasikia kreti ya mkate ikiburutwa chini. Jumatatu niliyapeleka kwa mkono wangu mwenyewe, nikangoja yapigwe muhuri. Haya hapa.

Kwa Mwalimu Mkuu,

KUH: MTOTO WANGU KUITWA MWONGO

Mimi ni mzazi wa Neema wa gredi ya nne. Siku ya wazazi mtoto wangu alilazimishwa kuomba msamaha kwa kusema mambo mawili.

La kwanza, alisema mchezo ulioletwa na mgeni ni wa jirani yetu, mwalimu mstaafu wa shule hii. Hapo alikosea kidogo. Mchezo huo si wa mtu mmoja. Ulichorwa na mama mmoja wa ng'ambo, ukachorwa na watu wengi majumbani mwao, ukachorwa na karani wa reli, ukachorwa na jirani yetu, na mgeni wenu akauchukua kibarazani kwake, kwa ruhusa. Kwa hiyo mgeni naye alikosea aliposema aliutoa kichwani. Yeye ni mtu mzima, na hakuambiwa asimame.

La pili, alisema kodi inaweza kwenda kwa kiondo. Hapo hakukosea hata kidogo. Neno kodi lina maana mbili, na ninyi ndio mliotufundisha. Mchezo uliokuja shuleni umekatwa nusu, na mtoto aliyeiona hiyo nusu nyingine ndiye aliyeadhibiwa.

Naomba mwalimu wa darasa amwambie Neema kwamba hakudanganya, mbele ya wale wale waliocheka. Naomba sheria ya pili, ambayo jirani yetu ameiandika na nimeiambatisha hapa, itiwe ndani ya kila boksi lililo shuleni, na watoto wachezeshwe zote mbili, halafu waulizwe ipi wameipenda. Naomba pia swali la "Kodi ni nini?" litolewe upya. Mara hii atajibu.

Mwisho, desturi ya mchezo huu ni kwamba aliyeshinda hufagia. Jirani yetu alilikata ombi hili kwa kalamu nyekundu, akisema si rasmi. Nimelirudisha. Bwana Brian ameshinda tangu akiwa mdogo na hajawahi kufagia. Kibaraza kiko pale pale kando ya geti. Ufagio upo. Mwambieni tunamngoja.

Mimi,
Mama Neema